Kufuli za Mama Usifute

Chuoni wanamwita Mama Usifute. Mimi namwita wifi, maana mume wangu ni mdogo wake, na kwa miaka kumi na minne tumekaa nyumba moja: yeye na kompyuta yake kona ile ya sebule, mimi na cherehani yangu kona hii. Nashona sare za shule. Mume wangu ni dereva wa lori, nyumbani anakuja kama mgeni, kwa hiyo ukinibana niseme ukweli, nimeolewa na dada mtu kuliko nilivyoolewa na yeye. Nikisema namjua, sijasimuliwa.

Kazi yake ni kutunza kompyuta kumi na moja za maktaba ya chuo cha ualimu. Ni mashine kuukuu, zilitolewa na ofisi fulani zilipoanza kuchoka, na yeye akaziwekea Linux, mfumo wa bure wa kuendeshea kompyuta, kwa sababu haudai mashine yenye nguvu nyingi. Pale maktaba aliingia akiwa mfagiaji. Alijifunza kwa kusoma skrini za watu huku anapangusa meza, kisha kwa kuuliza, kisha kwa kuharibu, na siku fundi wa kwanza alipopata kazi kwingine, wakubwa wakagundua kwamba anayejua kila waya unakwenda wapi ni yule mama wa ufagio. Cheti hana hata kimoja. Shule aliacha akiwa na miaka kumi na minne, na kwa nini aliacha nitafika huko.

Siku moja nilimpelekea funguo alizosahau nyumbani, nikamkuta mkufunzi wa hisabati amesimama mbele ya mashine namba saba, kafura. Programu yake ya majedwali ilikuwa inaonyesha dirisha la kijivu, halafu inatoweka.

"Nimebonyeza mara tisa, mama," akasema mkufunzi. "Hii ina kirusi."

"Haina kirusi, mwalimu. Ina haraka yako. Ya kwanza ilipokataa, hiyo ya tisa ulitaka ikuonee huruma?"

Akavuta kiti, akafungua lile dirisha jeusi la kuandikia amri, akaandika jina la programu kwa mkono wake badala ya kubonyeza picha yake. Alimweleza kwamba ukibonyeza picha, programu ikianguka inaanguka kimya, lakini ukiiita kwa jina humu kwenye dirisha jeusi, ikianguka inasema imejikwaa wapi. Kweli ikasema. Mstari mmoja mrefu ukatokea, ukitaja folda iliyofichwa ambamo programu huweka mipangilio yake yote.

"Basi ifute hiyo folda tumalize," mkufunzi akasema, na kidole chake tayari kiko kwenye kibodi.

Wifi alimpiga kofi la mkono. Mkufunzi mzima, mwenye mvi na tai!

"Usifute kitu ambacho hujakisoma!" akasema. "Badili jina kwanza. Iongezee mkia, iite ya zamani, programu itajitengenezea mpya. Kama tatizo lilikuwa humo, litakwisha. Kama halikuwa humo, unairudisha ya zamani na hujapoteza kitu."

Programu ikafunguka. Mkufunzi akasugua mkono wake na kushukuru, na maktaba nzima ikacheka, maana kila mmoja wao kofi hilo alishalionja. Ndiyo maana ya jina lake.

Sasa, kinyozi hajinyoi. Mtu huyu aliyekuwa anawapiga watu makofi chuoni, nyumbani kwake alikuwa anafuta bila kusoma, kila siku ya Mungu, kwa miaka karibu sita. Hakujua. Nami sikujua. Kilichokuwa kinafutwa ndicho hasa alichokuwa anakililia.

Niseme kwanza habari za Kitindamimba.

Kwao walizaliwa watatu: wifi, mume wangu, na huyu mdogo wa mwisho, ambaye nyumba nzima tulimwita Kitindamimba mpaka jina lake la cheti likawa la kutafutwa. Alipishana na wifi miaka kumi na minne. Nilipoolewa nilimkuta msichana wa shule, mwembamba, mbishi, anayekula huku anasoma. Wifi ndiye aliyemfunga nepi, ndiye aliyemfundisha kusoma, na baadaye ndiye aliyemtengenezea kompyuta ya mkononi kwa vipande vya mashine nne zilizokufa maktabani. Kuipanga mashine ile upya kungemchukua siku mbili, kwa hiyo akanakili folda zake mwenyewe za mipangilio, zile zilizofichwa, akazimwaga zote mle. Ilipofika mahali pa kuipa mashine jina, Kitindamimba akaandika "kitinda". Ile ya wifi ilikuwa inaitwa "kabati", kwa ukubwa wake.

Halafu mama mkwe wangu akaugua, ugonjwa ule wa kukaa tu na kusimulia. Kitindamimba akasema maneno ya mama yasipotee. Kila alasiri mama aliketi kwenye kochi, Kitindamimba kwenye kiti cha mbao karibu na kabati, na wifi akirudi kazini kabla hata hajavua viatu ananipigia kelele: "Wifi, nyamazisha cherehani! Mtoto anaandika!" Nami nanyamazisha, kwa kununa, maana sare zilikuwa zinangoja na mtoto mwenyewe alikuwa na miaka ishirini na mitatu. Hati ile waliiita Maneno ya Mama. Waliiweka kwenye folda ya pamoja ndani ya kabati, na wifi akampa mdogo wake ufunguo wa kuifikia kupitia mtandao, ili hata akiwa chuoni anakosoma aweze kuendelea. Walipofika ukurasa wa themanini na mbili, mama akafariki.

Miezi minne baada ya msiba walianza kuiandaa ili ichapwe, kila mtoto apate nakala. Jumamosi moja Kitindamimba alikuwa anasoma kwenye mashine yake, akafika ukurasa wa hamsini, akarudia kusoma. Kuna aya ilikuwa haipo. Nami nilikuwepo siku mama alipoisema, kwa hiyo naijua. Mama alisema hivi:

"Huyu wa mwisho nilimzaa baba yao akiwa ameshaondoka. Sikuwa na mtu. Nikamtoa mkubwa shule, ana miaka kumi na minne, akae na mtoto ili mimi niende kibaruani. Alikuwa wa kwanza darasani. Hakulia. Alikunja sare yake akaiweka chini ya godoro, na mimi nikajifanya sikuona. Mdogo amekulia mgongoni kwake. Sijamwomba radhi mpaka leo, kwa sababu kila nikitaka kuanza namwona anavyomtazama yule mtoto, naona aibu."

Wifi ndiye aliyeitoa.

"Umenitoa," Kitindamimba alisema. "Mama kanizaa ukurasa wa hamsini, na wewe umenitoa."

"Sijakutoa wewe. Nimetoa maneno ya ndani. Si kila kitu ni cha kuandikwa watu wasome."

"Hapo ndipo mama alipokuomba radhi, Dada! Ni mahali pamoja tu katika kitabu kizima. Unamfunga mdomo mama na yuko kaburini?"

Ulimi hauna mfupa. Wifi akamjibu kwamba yeye ndiye aliyelipia aya ile kwa maisha yake, kwa hiyo yeye ndiye anayejua iwepo au isiwepo. Kusema kweli aliitoa ili mdogo wake asiwe anaisoma tena na tena na kujiona mzigo. Hilo aliniambia mimi, tena baada ya miaka miwili. Kwa aliyepaswa kuambiwa hakulisema. Na lingine hakulisema pia: kwamba aya yenyewe haikufutwa. Nakala ya kwanza alikuwa ameibadili jina, akaiongezea mkia wa "ya zamani", akaihifadhi. Angesema maneno manne tu, ugomvi ungekwisha. Lakini mtu ukishampandisha mori, maneno manne huwa mazito kuliko gunia.

Kitindamimba akachukua mashine yake na mkoba mmoja, akaondoka. Namba ya simu akabadilisha. Baada ya miezi mitatu mume wangu alipata ujumbe kutoka simu ya kuazima: "Nipo mzima. Msinitafute." Ukawa ndio wa mwisho.

Sijui kama umewahi kukaa nyumba moja na mtu anayemkumbuka mtu. Hakuna makelele. Wifi hakulia mbele yangu hata mara moja. Ila kile kiti cha mbao hakikuhamishwa, na mgeni akitaka kukikalia wifi anamletea kingine, upesi, kwa heshima zote, mpaka mgeni anadhani kile ni kibovu. Sokoni akimwona binti mwembamba kwa nyuma, mazungumzo yanamkatikia katikati. Na kabati hakuizima. Usiku na mchana ilinguruma pale kona, akaifungia betri ya akiba ili umeme ukikatika iendelee, na mimi nikawa namtania kwamba amepata mume anayekoroma. Siku moja nikamuuliza kwa hasira, maana joto lilikuwa kali na mashine ile inaongeza joto, kwa nini asiizime hata siku za sikukuu.

"Ufunguo wake unafungua hapa tu," akasema. "Nikizima, atakuta mlango umefungwa."

Niliona aibu. Nikatafuta sindano ambayo haikuwa imepotea.

Alikuwa anaamini, unaona, lakini alikuwa anaamini bila kutazama. Katika miezi ile ya kwanza alifungua mara kadhaa Maneno ya Mama, na programu ikawa inamsumbua. Ilimwambia: "Hati hii inatumiwa na Dada." Huyo Dada ni yeye mwenyewe. Zamani programu ilipouliza jina la mwenye mashine, Kitindamimba ndiye aliyekuwa kwenye kibodi, akaandika "Dada", na ikabaki hivyo.

Hapa lazima nieleze kufuli, kama alivyonieleza. Programu ya kuandikia ikifungua hati, huweka pembeni kifaili kidogo kilichofichwa. Kazi yake ni kuwaambia wengine kwamba ndani kuna mtu, wasubiri. Ukifunga hati vizuri, kifaili kinaondoka chenyewe. Ila umeme au mtandao ukikatika ukiwa bado uko ndani, kinabaki pale pale, kama ndala mlangoni kwa mtu aliyetokea dirishani. Mafundi wanakiita kufuli.

Wifi alipoona jina lake mwenyewe, akasema ni kufuli zake zilizokufa, umeme ulikatika akiwa ndani. Akazifuta. Zikarudi. Akafuta tena. Mwisho akachoka, akaandika amri ndogo ambayo mashine ingeitekeleza yenyewe: kila siku saa kumi na moja alfajiri, fagia kufuli zote kwenye folda ya mama. Tatizo likaisha. Akasahau hata kwamba amri ile ipo. Toka hapo akawa anafungua hati ile mara moja tu kwa mwaka, siku aliyofariki mama, asubuhi baada ya chai, anatusomea kurasa mbili tatu, anafunga.

Mwaka huu siku hiyo iliangukia Jumapili. Tulikunywa chai, akaketi, akabonyeza. Dirisha la kijivu likatokea, likatoweka. Akabonyeza tena.

"Wifi," nikamwambia, "unataka ya pili ikuonee huruma?"

Alinitazama jicho la kunichuna ngozi. Lakini hakubonyeza ya tatu. Ilibidi afanye kwake yale anayofanyia wengine, na hakuwa na haraka, maana nadhani ilimfaa kuwa na kazi ya mikono siku kama ile. Akaita programu kutoka dirisha jeusi, ikalalamika mistari kumi isiyoeleweka. Akahakikisha hakuna programu ya jana iliyoganda huko nyuma. Akaangalia kama diski imejaa. Haikujaa. Mchana tukala. Baada ya kula akaniambia sasa anafanya kipimo cha mwisho: anatengeneza mtumiaji mpya kabisa kwenye mashine, asiye na mipangilio yoyote, na kama programu itamkubali huyo, basi kosa liko kwenye folda zake yeye mwenyewe za zamani.

"Nimwite nani?" akauliza.

"Mwite Mgeni."

Akaingia kama Mgeni. Programu ikafunguka mara moja, nyeupe, safi. Akatabasamu kwa mara ya kwanza siku hiyo. Akaenda kwenye folda ya pamoja, akafungua Maneno ya Mama, na ujumbe ukatokea katikati ya skrini: "Hati hii inatumiwa na Dada."

"Kufuli tena," akasema kwa uchovu. Akalitafuta, akalikuta, mkono ukaenda kwenye kitufe cha kufuta.

Mimi, Mungu anajua, sikuwa na akili yoyote ya kompyuta. Nilikuwa na utani tu. Nikaukamata ule mkono, nikaupiga kofi.

"Usifute kitu ambacho hujakisoma! Au sheria ni za wakufunzi peke yao?"

Akacheka. "Ni kufuli tu, wifi. Lina mstari mmoja."

"Basi usome huo mmoja. Chuoni ungesoma."

Akalifungua ili kunikomesha. Nilisimama nyuma yake, pini zangu mdomoni, nikasoma naye. Mstari ulikuwa na jina, kisha jina la mashine, kisha tarehe na saa. Jina lilikuwa Dada. Tarehe ilikuwa ya leo. Saa ilikuwa dakika ishirini na mbili zilizopita. Na mashine haikuwa kabati.

Ilikuwa kitinda.

Nilitema pini. Wifi aliweka kidole kwenye skrini, juu ya lile neno, akakiacha hapo, yeye anayewagombeza watu wakigusa skrini. Kisha akaanza kuongea polepole, kama anamweleza mkufunzi. Alisema mashine ya mdogo wake aliipa mipangilio yake yeye. Yote. Na jina la mwenye mashine likiwemo. Kwa hiyo Kitindamimba akifungua hati kule aliko, programu yake inajitambulisha kuwa Dada. Mtandao wake ukikatika, kufuli linabaki hapa na jina la Dada.

"Hazikuwa zangu," akasema. "Wifi, zile kufuli hazikuwa zangu."

Mashine huandika kila aliyeingia kwa ufunguo na lini. Kumbukumbu hizo zilikuwepo siku zote, hakuwahi kuzifungua. Akazifungua. Zilirudi nyuma mwaka mmoja tu, za nyuma ya hapo hujiondoa zenyewe. Katika mwaka huo mmoja kitinda iliingia mara thelathini na saba. Mara nyingi alasiri, saa zile zile ambazo mama alikuwa anasimulia. Miaka mingine minne na ushei hatutajua kamwe. Wifi aliinamisha kichwa kwenye kibodi, skrini ikajaa herufi moja mistari na mistari, na akalia kwa sauti. Nilimshika mabega. Sina aibu kusema nililia pia, na kwamba nilikuwa nimemkasirikia yule mtoto miaka yote ile, nikimwita moyoni asiye na shukrani, na kumbe alikuwa anakuja nyumbani mara thelathini na saba kwa mwaka, anakuta pamefagiliwa.

"Yuko ndani sasa hivi," wifi akasema alipojifuta uso. "Anasoma sasa hivi."

"Mwandikie basi!"

"Siwezi kuandika wakati yuko ndani. Nikilazimisha nitamtoa."

Nikamwambia amtoe tu, si atajua! Alikataa katakata. Akasogeza kiti, akakaa mikono mapajani, akaitazama ile orodha ya mafaili kama mtu anayengoja mlango wa chumba cha daktari. Chai niliyomletea ikapoa. Saa kumi kasoro robo kufuli likatoweka lenyewe, bila kelele.

"Amefunga vizuri," akasema. "Kama nilivyomfundisha."

Hapo ndipo akafanya kazi. Kwanza aliing'oa ile amri ya alfajiri. Pili akatafuta nakala yenye mkia wa "ya zamani", akaichukua ile aya, akairudisha ukurasa wa hamsini, mahali pake, neno kwa neno, mpaka kwenye aibu ya mama. Halafu chini yake akaandika kwa herufi nyekundu. Nikasogea kusoma nikitegemea machozi. Nilikuta hivi:

"Programu yako inajiita Dada. Ni kosa langu, nilinakili mipangilio bila kuangalia. Nenda Mipangilio, ukurasa wa kwanza, sehemu ya jina. Futa Dada, andika jina lako. Hifadhi. Funga programu na uifungue upya."

"Wifi!" nikapiga kelele. "Miaka sita, unamwandikia ukurasa wa kwanza sehemu ya jina?"

"Ndilo tatizo lenyewe."

"Mwambie unamkumbuka! Mwambie unakufa kwa kumkumbuka, mwambie kiti chake watu hawakikalii!"

"Anajua kusoma," akasema, lakini hati hakuifunga. Niliporudi kwenye sare zangu nikasikia kibodi inagonga, kidogo, kisha kimya. Alikuwa ameongeza mstari mmoja: "Kabati sijaizima tangu ulipoondoka." Akahifadhi, akafunga, akaenda kuosha vyombo ambavyo nilishaviosha.

Zikaanza siku za kungoja, na kungoja ukijua kuna anayekuja ni kubaya kuliko kungoja bure. Zamani alikuwa anarudi kazini anavua viatu, anauliza kuna nini cha kula. Sasa anapita moja kwa moja na viatu na mkoba begani, anafungua ile folda. Hakuna kitu. Wiki ya kwanza hakuna. Wiki ya pili alianza kujilaumu: labda ile aya imemuumiza, labda herufi nyekundu zinaonekana kama kugombezwa. Akataka kuzibadilisha ziwe nyeusi. Nikamwambia akithubutu kugusa nitazima kabati kwa mguu wangu. Chuoni aliwaambia ana homa ya macho. Mkufunzi wa hisabati alinipigia simu, akaniuliza kwa upole kama Mama Usifute ana msiba, maana yeye mkufunzi alikuwa amefuta faili mbele yake na hakupigwa.

Siku ya kumi na tisa ilikuwa Alhamisi. Nilikuwa na oda ya sare arobaini, cherehani inanguruma, na wifi akaingia na viatu vyake. Nilisikia mkoba unaanguka. Sikugeuka kwanza, nilikuwa katikati ya kola.

"Wifi," akaniita. Sauti ilikuwa ndogo.

Nikageuka. Programu ilikuwa imefunguliwa na ujumbe uko katikati ya skrini, ule ule wa siku zote, na vile vitufe vyake chini: soma tu, fungua nakala, ghairi. Nikausoma toka nilipokaa, maana herufi zake ni kubwa.

"Hati hii inatumiwa na Kitindamimba."

Hakubonyeza kitufe hata kimoja. Alikivuta kile kiti cha mbao taratibu, akakiweka sawa mbele ya kabati, kisha akachukua kiti chake akakaa kando yake. Kufuli halikuondoka. Dakika kumi, ishirini, halikuondoka. Mtu anayesoma aya moja hakai muda huo. Mimi nikakumbuka sare arobaini, nikakanyaga cherehani.

Wifi akainua mkono bila kunitazama.

"Nyamazisha cherehani, wifi," akasema. "Mtoto anaandika."